Mwenzao alipoondoka, sisi mashabiki tulimnunia

MSOMAJI mpenzi, leo naanza kwa swali. Je, umewahi kumkasirikia mtu ambaye hujapata kumwona kwa macho, asiyekujua wala kukudai, kwa sababu tu ameacha kufanya kazi na wenzake?

Usicheke. Mimi nimewahi, tena nikiwa mtoto wa shule ya msingi hapa Runyenjes, mwaka wa 1978. Mtu mwenyewe alikuwa mpiga gitaa wa kule Nairobi aitwaye Omar Shabani, ambaye wapenzi wa muziki walimpa jina la "Professor". Kosa lake lilikuwa moja tu: alitoka katika bendi ya Simba Wanyika.

Nimekumbuka hasira ile wiki chache zilizopita nikiwa ndani ya matatu, tukitoka Embu mjini kurudi nyumbani. Dereva alikuwa kijana ambaye nadhani hakuwa amezaliwa mwenzetu alipoondoka. Hata hivyo, aliweka wimbo wa "Sina Makosa", na abiria wazima kwa wazee wakaanza kuimba. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu cha ndizi mapajani alifumba macho hadi tukafika. Hapo ndipo nilipoamua kukuandikia haya, kwa maana wimbo ule ulizaliwa kutokana na kuondoka kule kulikotuudhi.

Pesa za kahawa

Wenye umri wangu watakumbuka kwamba mnamo Julai 1975 baridi kali iliteketeza mikahawa kule Brazil. Msiba wa mwenzio ukawa neema kwetu. Bei ya kahawa ulimwenguni ilipanda, na kufikia 1976 na 1977 wakulima wadogo wa Embu, Meru na Kirinyaga walilipwa pesa ambazo hawakuwa wamewahi kuziona. Nyumba za nyasi zikaezekwa mabati. Baiskeli zikaonekana. Redio zikaingia hata katika nyumba ambazo hazikuwa na kitanda cha pili.

Baba yetu alileta gramafoni ya betri, ile ya kufungwa kama sanduku. Santuri zenyewe zilikuwa ndogo, zenye tundu kubwa katikati, na wimbo mrefu ulikatwa mara mbili. Ulisikiliza sehemu ya kwanza, kisha ukageuza santuri ili upate sehemu ya pili. Kazi ya kugeuza ilikuwa ya kaka yangu mkubwa peke yake. Wengine tuliruhusiwa kutazama tu, mikono nyuma.

Kaka alikuwa Simba Wanyika damu. Alitueleza habari za ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, kana kwamba walikuwa majirani zetu. Walitoka Tanga, ambako walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka wa 1966. Baadaye walihamia Arusha wakaanzisha Arusha Jazz, na mwaka wa 1971 wakavuka mpaka kuja Kenya, ambako bendi ikapata jina la Simba Wanyika. Ndugu wawili kutoka nyumba moja, wamekuja ugenini, wamefaulu. Kwetu sisi watoto hilo lilikuwa somo kuliko yale ya mwalimu.

Habari ya kutengana ilifika kwetu polepole, kama habari zote za wakati huo. Mtu alisikia Nairobi, akamwambia mwingine kituoni Embu, ikapanda mlima hadi kwetu. Shabani ameondoka. Tom Malanga, mpiga besi, ameondoka. Rashid Juma, mpiga ngoma, naye ameondoka. Wameanzisha bendi yao, Les Wanyika, na wamempata John Ngereza kwa gitaa la solo.

Kaka alikaa kimya jioni nzima. Kisha akasema neno ambalo nililishika kwa miaka mingi: "Wamewatoroka wenzao."

Wimbo uliokatazwa nyumbani

Baada ya miezi ya mazoezi, Les Wanyika walianza kupiga katika klabu ya Garden Square jijini Nairobi. Ndipo ukatoka "Sina Makosa". Binamu yetu aliyefanya kazi mjini aliuleta nyumbani akiwa ameufunga ndani ya gazeti, akidhani ametuletea zawadi. Kaka akakataa kuuweka kwenye gramafoni. Kwake, jina lenyewe la wimbo lilikuwa tusi. Mwimbaji anajitetea kwa habari za mapenzi, lakini sisi tulisikia watu walioondoka wakituambia kwamba hawana hatia.

Marufuku hayo yalidumu kama majuma matatu hivi. Yalivunjika siku moja tulipotumwa sokoni Runyenjes. Mkahawa mmoja ulikuwa umefungua redio kwa sauti ya juu, na wimbo ukawa unapigwa. Kaka alitaka kupita, lakini miguu ikakataa. Tulisimama pale na mtungi wa mafuta ya taa hadi mwisho. Alipogeuka aliniambia, "Umemsikia huyo wa ridhimu? Hatujawahi kumsikia, na alikuwa kwetu siku zote."

Hebu nikueleze maana yake, msomaji, maana ndiyo shina la habari hii. Katika muziki wetu wa rumba, gitaa ni tatu. Solo ndilo linalopanda na kushuka juu ya wimbo, na mpigaji wake ndiye hutajwa. Besi hutembea chini, nzito. Katikati yao yuko mtu wa ridhimu, ambaye anarudia mapigo yale yale dakika saba, dakika nane, bila kuchoka na bila kupotea. Ukimsikiliza peke yake utadhani hana analofanya. Mwondoe, na utaona mwimbaji hana pa kuegemea, na solo inaning'inia kama nguo kwenye kamba iliyokatika.

Les Wanyika walimweka mtu huyo mbele. Sauti yao ilisimama juu ya magitaa matatu na ngoma isiyo na makeke, hivyo ridhimu ya Shabani na besi ya Malanga zikasikika zikisuka mkeka mmoja. Mtu tuliyemlaumu kwa kuondoka hatukuwa tumemtambua alipokuwapo. Nakuuliza tena: tulikuwa tunamnunia kwa sababu gani hasa?

Simba nao hawakufa. Ndugu wale wa Tanga walitafuta wapigaji wapya na wakaendelea kutoa nyimbo zilizopendwa, wakaenda hata kupiga Ulaya. Les Wanyika nao wakatupa "Paulina", "Pamela" na nyinginezo. Shabiki aliyelia 1978 kwamba amepoteza bendi alijikuta miaka michache baadaye ana bendi mbili.

Pengo haliwi moja kwa wote

Usidhani ni sisi wa Runyenjes tu tuliokuwa na moyo mwepesi. Miezi michache baada ya Simba kugawanyika, mnamo Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe, yule fundi wa gitaa wa Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Bendi yake ya Super Volcano ilikuwa imejengwa juu ya sauti yake, gitaa lake na jina lake. Mashabiki walijaribu kuwasikiliza waliobaki, lakini kila wimbo uliwakumbusha asiyekuwapo.

Tazama sasa Maroon Commandos, bendi ya jeshi la Kenya iliyoanzishwa mwaka wa 1970 na kutuletea "Charonyi ni Wasi". Jeshini, mtu akistaafu mwingine hushika nafasi, na kazi huendelea. Hata hivyo, Habel Kifoto alipofariki mwaka wa 2011, wengi wetu tulihisi kwamba sauti ya bendi nzima imezikwa naye.

Na hata huko Uingereza, kwenye muziki wa rock, mambo ni yale yale. Bendi ya Queen ilikuwa na mwimbaji aliyezaliwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, Mji Mkongwe wa Unguja, tarehe 5 Septemba 1946. Jina lake la nyumbani lilikuwa Farrokh Bulsara, na dunia ikamjua kama Freddie Mercury. Alipofariki Novemba 1991, mashabiki waligawanyika. Kuna waliosema jina la bendi lizikwe. Kuna waliosema nyimbo si za marehemu peke yake, ni zetu pia, na ziendelee kuimbwa. Mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliendelea, na kwa miaka mingi wamepanda jukwaani na mwimbaji mwingine, Adam Lambert.

Lakini nikuulize: je, unamjua John Deacon? Huyo ndiye mpiga besi wa Queen. Yu hai, ila tangu 1997 amekaa mbali na jukwaa. Hakugombana na watu magazetini. Aliweka gitaa chini, akarudi kwa familia yake. Kwa kila mashabiki kumi wanaomlilia Mercury, sijui kama utapata wawili wanaouliza habari za Deacon. Mtu wa chini huondoka na mlango hausikiki ukifungwa.

Nyumbani nako mtu aliondoka

Sasa nirudi kwetu, maana jambo hili lilitugusa kuliko muziki.

Mwaka wa 1983 kaka yangu aliondoka nyumbani. Alipata kazi Mombasa, akafunga sanduku, akaenda. Hakuwa mwana aliyesifiwa. Mimi ndiye nilikuwa nikisifiwa, kwa sababu ya masomo. Dada yetu alisifiwa kwa sauti yake kanisani. Kaka alikuwa tu yule anayeamka gizani kukamua ng'ombe, kubeba bomba la dawa ya mikahawa mgongoni, na kusukuma kahawa mbivu kwenye toroli hadi kiwandani.

Mkulima anajua kahawa mbivu haingoji. Ikichumwa leo, ifike kiwandani leo ili imenywe. Ikilala nyumbani, utaishia kuianika na maganda yake, uiuze kama mbuni kwa bei ya kutupwa. Msimu wa kwanza baada ya kaka kuondoka, sehemu kubwa ya kahawa yetu iligeuka mbuni. Toroli ilivunjika gurudumu na hakuna aliyejua kulitengeneza. Ng'ombe akapunguza maziwa. Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akaanza kusema sana.

Alisema nini? Alisema kaka ametutoroka. Nami, msomi wa nyumba, niliunga mkono. Nilimwandikia kaka barua nikiwa shule ya upili na kumwambia kwamba amemwacha baba peke yake. Hakunijibu. Miaka kumi na mmoja ilipita bila barua kati yetu, ingawa kila mwezi alimtumia mama pesa kwa njia ya posta, na mama hakutuambia.

Mama ndiye aliyenifungua macho. Siku moja nilipokuwa nalalamika, aliniuliza, "Alipokuwa hapa, ni siku gani wewe ulimwambia asante?"

Nilitafuta siku hiyo kichwani. Sikuipata.

Nani anamdai nani?

Hili ndilo ninalotaka uliweke moyoni, msomaji. Shabiki humlilia mchezaji aliyeondoka kana kwamba ameibiwa. Husema: tulikupenda, tulikufanya mkubwa, sasa umetuacha. Huongea kama mtu anayedai. Lakini ukifungua daftari vizuri, mara nyingi utakuta mdaiwa ni shabiki mwenyewe.

Fikiria maisha ya mwanamuziki wa klabu siku zile. Mara nyingi vyombo vilikuwa vya mwenye klabu au vya kiongozi wa bendi. Alipiga usiku hadi alfajiri, akalala mchana, akaamka kufanya mazoezi. Miaka ya 1980 kaseti zilipoenea, wenye vibanda walinakili nyimbo na kuziuza bila mtungaji kuona hata senti. Mimi mwenyewe, ambaye nilijiita shabiki, nilikuwa na kaseti sita za Les Wanyika na Simba Wanyika. Zote sita nilinakiliwa kibandani. Sikumpa Shabani hata shilingi moja, ilhali nilikuwa nimemkasirikia kwa kwenda kutafuta riziki yake!

Sasa wameondoka safari ambayo hakuna bendi mpya mbele yake. George Kinyonga alifariki mwaka wa 1992, na Wilson akamfuata mwaka wa 1995. Omar Shabani alituacha mwaka wa 1998, na Ngereza naye hakukawia sana baada yake. Hata hivyo, deni halikuzikwa pamoja nao. Sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya mtunzi wa muziki muda wa maisha yake yote, na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Piga hesabu mwenyewe. Nyimbo alizotunga George zinalindwa hadi mwisho wa 2042. Za Wilson ni hadi 2045, na za Shabani hadi 2048. Miaka hiyo yote mirabaha ni haki ya warithi wao, kama vile shamba la kahawa linavyokuwa la watoto mzee akifariki.

Kwa hiyo ukiwa na baa, hoteli au matatu, na muziki ndio unaokuletea wateja, jua kwamba unatakiwa kuwa na leseni ya kuucheza hadharani. Fedha hizo hukusanywa na vyama vinavyoidhinishwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, yaani KECOBO, ili ziwafikie wenye haki. Najua utaniambia kwamba wanamuziki wamelalamika miaka mingi juu ya kiasi kidogo kinachowafikia. Ni kweli wamelalamika, na wana haki ya kuuliza maswali. Lakini malalamiko yao si ruhusa ya wewe kutolipa. Nawe kijana mwenye simu, ukipata wimbo mahali halali ambapo mwenyewe hulipwa, utakuwa umefanya ambacho mimi sikufanya.

Na kama una mwanamuziki mtaani kwako ambaye bado yu hai, yule anayepiga gitaa harusini na kula chakula cha mwisho jikoni baada ya wageni, mlipe siku ile ile. Usingoje tanzia.

Kaka aliporudi

Kaka alirudi Runyenjes mwaka wa 1994, tulipomzika baba. Baada ya wageni kuondoka nilimfuata nyuma ya nyumba, nikamwomba msamaha kwa ile barua. Hakunijibu upesi. Aliniambia kwamba aliisoma mara nyingi, na kilichomuuma hakikuwa matusi. Kilichomuuma ni kwamba katika kurasa mbili sikuwa nimemwuliza kwa nini aliondoka.

Basi nikamwuliza. Aliondoka kwa sababu alikuwa na umri wa miaka 25, hana shamba, hana mshahara, na hakuna aliyekuwa amemwambia kama siku moja angepewa hata mistari michache ya mikahawa aliyoipulizia dawa. Alikuwa amemwuliza baba mara moja. Baba alibadilisha mazungumzo.

Sikusema kitu. Ningesema nini? Lakini mwaka uliofuata, tulipogawana shamba, sehemu ya chini iliyo karibu na barabara, ambayo baba alikuwa amesema ni yangu, nilimwachia yeye. Watu wengine wa ukoo waliniona mjinga. Hadi leo mmoja wao hunikumbusha kila tukikutana.

Kaka sasa ana mvi kichwa kizima. Gramafoni iliharibika zamani, lakini mwanawe humfungulia nyimbo zile kwenye simu. Jumapili iliyopita tulikaa kibarazani tukisikiliza "Sina Makosa". Waimbaji walipomaliza na magitaa yakabaki peke yake, kaka aliinua kidole kunizuia nisizungumze, kwa sababu Shabani alikuwa anapiga.

Basi leo ukimaliza kusoma gazeti, msomaji mpenzi, nenda kasikilize wimbo mmoja unaoupenda tangu zamani. Achana na mwimbaji, unamjua tayari. Mtafute mtu wa katikati. Kisha utazame nani nyumbani kwako anafanya kazi kama hiyo, umshukuru leo, na umwulize kama ana haja yoyote ambayo hujamsikiliza.

Jumapili njema.